Radhi ya Bi Mwanamize kwa Mumewe, Bwana Ngwali Othman wa Jadida

Mwaka umetimia Shaaban hii, Baba, tangu Alhamisi ile ulipoaga asubuhi kuwa unakwenda Chake Chake, na adhuhuri tukaletewa habari kuwa umefia Makangale. Mwaka mzima, na bado mlango ukigongwa baada ya laasiri tunasema huyo karudi. Hatujazoea. Tunaambiwa tutazoea, na wanaotuambia hivyo ndio hao hao wanaofuta macho wakipita mbele ya banda lako la magari.

Chake iko kusini mwa Wete yetu. Makangale iko kaskazini, mwisho wa njia, ng'ambo ya msitu wa Ngezi. Hakuna mtu anayepotea njia namna hiyo. Hilo ndilo lililotupiga kabla hata kifo chenyewe hakijatuingia akilini, na lilimpiga mama yetu, Bi Mwanamize, kuliko sisi sote. Tangazo hili la gazetini ni lake. Sisi wanao tumeshika kalamu tu. Yeye amekaa hapa ukumbini juu ya mkeka, anasikiliza kila mstari tunaousoma, na tukikusifu sana anatukata: "Msimtie chumvi. Andikeni alivyokuwa."

Basi ulikuwa hivi. Ulikuwa tajiri ambaye mgeni akifika Wete angekudhania mlinzi wa duka lako mwenyewe. Kanzu zako mbili zilikuwa na madoa ya mafuta ya gari yasiyotoka kwa sabuni wala kwa dua. Watu wa mjini na wa shamba walikuletea fedha zao za karafuu uwawekee katika kasha lako la chuma, na mtu akija kuzitaka ulimpa bila kumuuliza za nini, isipokuwa akisema anataka kuoa mke wa pili. Huyo ulimkalisha kitako, ukamwagizia kahawa, ukamuuliza mara tatu kama amefikiri. Aliyetaka mtaji ulimpa ukaingia naye shirika: akipata mmepata, akikosa mmekosa. Neno riba hukutaka lisemwe hata kwa mzaha barazani kwako.

Na mkono wako ulikuwa mwepesi. Birika la msikiti ulilijenga wewe. Nauli za wazee waliokwenda kuhiji kwa miaka tisa mfululizo zilitoka kwako, na wengine hawakujua mpaka ulipokufa. Madaftari ya watoto wa skuli uliyaleta kwa makasha, ukamwambia mwalimu aseme yametoka serikalini. Mwalimu alisema, na watoto wakaipenda serikali bure.

Halafu magari. Mama anasema hapa tufupishe, lakini hatuwezi. Ulikuwa na manane. Wenye fedha wenzako walinunua gari jipya kila lilipoteremshwa bandarini; wewe ulikwenda kuliulizia lile la zamani lililotupwa nyuma ya nyumba, kuku wametaga ndani. Wete walikuwa na maneno yao: Bwana Ngwali hapendi gari mpaka life kwanza. Kulikuwa na Ford ya mwaka wa ishirini na sita uliyoiita Bibi Harusi, kwa sababu kila msichana wa mtaa wetu wa Jadida aliyeolewa, awe wa tajiri au wa mchukuzi, ulimpakia humo ukamfikisha kwa mumewe na hukutaka hata soda. Kulikuwa na Kipofu, lenye taa moja. Kulikuwa na Haji, ulilolinunua siku uliyorudi Makka. Ulilala chini ya magari hayo saa nyingi kuliko ulivyolala kitandani, na ulipotoka nayo baiskeli zilikupita.

Siku lilipoingia la nane, Mama alivunja sahani. Si kwa bahati mbaya. Alisema, "Ngwali, likiingia gari la tisa nyumba hii, mie natoka. Hapa tutalala wapi, ndani ya injini?" Ukaapa mbele yetu: "Wallahi, Mwanamize, gari jengine nyumba hii silileti." Akaridhika, maana mtu wa kuvunja kiapo hukuwa.

Miezi minane kabla hujafa ukaanza safari za Chake kila Alhamisi. Shughuli za karafuu, ulisema. Ulirudi magharibi, umechoka, unachekacheka peke yako. Mama aliona.

Alhamisi ya mwisho habari zililetwa na mtu wa baiskeli. Alimkuta mwanao mkubwa Abrahman barazani akamwambia bila salamu: "Babaako kafa. Yuko Makangale. Tunangoja mpaka laasiri tumzike, kupita hapo hatuwezi." Abrahman alicheka. Naam, Baba, alicheka, maana yeye alijua uko Chake, na mtu aliyeko Chake hawezi kufa Makangale. Alimwambia yule bwana amekosea nyumba. Yule bwana akashuka kwenye baiskeli, akakaa chini vumbini, akaanza kulia, na hapo ndipo Abrahman alipoamini.

Yeye na ndugu yako, Ami Himid, wakakimbilia bandani. Magari saba yamepangwa, la nane umekwenda nalo, na hayo saba hakuna hata moja lililowaka. Wewe ulikuwa na tabia hiyo. Ukitoka, ulichomoa kijichuma kidogo katika kila injini, ukavifunga vyote katika kitambaa ukavitia mfukoni, Abrahman asije akatoka na gari kwenda kujionyesha sokoni. Walizungusha hendeli mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wewe umelazwa Makangale na kitambaa mfukoni, na sisi tunayasukuma magari yako barabarani tukilia na watu wanatusaidia kusukuma. Ikabidi kutafutwe lori la kukodi, na mwenye lori naye yuko kazini. Walipofika Makangale jua limeshuka, wakakutana na watu wanarudi kutoka kaburini, udongo mikononi.

Abrahman aliuliza swali moja tu: "Baba alikuja kufanya nini huku?"

Mzee Silima, aliyekuosha, alimshika bega akasema, "Mungu amrehemu. Alikuwa ntu wetu." Zaidi ya hapo hakusema yeye wala mwingine yeyote, na wanawake waliokuwa wakilia uani walinyamaza Abrahman alipopita.

Huku nyumbani Mama alikuwa akikungoja uletwe. Alitandika kitanda, akatoa udi, akaweka shuka ile nyeupe. Vilivyoletwa ni mkoba wako tu, kile kitambaa chenye vijichuma, na doti ya kanga mpya iliyokutwa katika gari. Abrahman angekuwa na akili siku ile angeificha. Aliiweka mkekani, mbele ya wanawake wote wa Jadida.

Dada yako, Shangazi Mwanapili, ndiye aliyesema neno ambalo hapana budi lisemwe. "Wifi, ndugu yangu katangulia. Mridhie."

Mama aliitazama kanga. Kila mtu alingoja. Ni neno moja tu, na mjane hulisema hata kama ameshindwa kusema jengine lolote, maana nani atamwacha mumewe aende mbele ya Mola wake na radhi imezuiwa?

"Aliniambia Chake," alisema Mama. Na radhi hakuitoa.

Shangazi alitoka nje akilia, na hawakusemezana tena mpaka mwezi uliopita. Hayo pia uyajue.

Mama alikaa eda miezi minne na siku kumi akizihesabu Alhamisi zako. Alimwambia binti yako Mwanawema, wakati akimsuka nywele: "Mke wa pili si haramu. Angeniambia. Ningelia wiki moja, ningemnunia wiki ya pili, ya tatu ningempikia huyo mwenzangu biriani. Lakini kunificha mie! Mie ambaye hata soksi zake najua imetoboka ipi!" Tulimwambia hatujui, pengine si hivyo. Akatuuliza, basi ni vipi? Tulimwonea Mama haya, tukakuonea aibu na wewe, na kila tulipokuombea rehema tulikuwa na kinyongo kidogo moyoni. Tusamehe.

Ami Himid alikwenda Makangale mara tatu kuuliza. Mara ya tatu Mzee Silima alimwambia: "Bwana Himid, usitutie makosani. Sie tumeusiwa."

Wasia! Hapo mambo yakaharibika kabisa. Mtu haachi wasia wa siri kwa sababu ya mti au jiwe. Ikawa yakini kwamba kuna mke na pengine watoto. Mama alianza kwenda sokoni mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu aolewe, na watoto wa kutoka kaskazini wakija na wazazi wao kuuza mihogo alisimama akawatazama nyuso, akiutafuta uso wako.

Mwezi uliopita, Rajab, asubuhi, walipiga hodi wageni wawili. Mmoja alikuwa Mzee Silima. Wa pili mwanamke wa makamo, ushungi umefungwa kwa heshima, jina lake Bi Mwatum. Mama alimwangalia toka utosini mpaka vidoleni. Akamsogezea mkeka.

"Karibu," alisema, "karibu, mke mwenzangu."

"Audhubillahi!" Bi Mwatum aliruka akarudi mlangoni. "Mke mwenzio nani? Mie nna mume wangu, bibi wee, na huyo mmoja keshanishinda!"

Mzee Silima alikaa, akakazia macho nguzo ya mlango, akasema maneno ambayo tumeyaandika hapa kama alivyoyatoa.

"Bi Mwanamize, sie tumekuja kuvunja amana. Mungu atusamehe. Mumeo kule hakuwa na nke. Alikuwa na lori."

Mama hakusikia, au alisikia akakataa. "Alikuwa na nani?"

"Lori. Gari ya mizigo. Waliiacha watu wa kupasua mbao msituni, tangu wakati wa vita, nti umeota ukatokea dirishani. Bwana Ngwali kaiona, basi! Akasema nyumbani nimeapa sipeleki, lakini sikuapa kuwa sitaitengeneza. Kila Alhamisi yuko chini yake. Miezi mitano ikawaka, watu wakakimbia ndani wakidhani radi. Toka siku hiyo, ntu wa Makangale au wa Msuka akishikwa na maradhi hachukuliwi tena kwa machela. Aliwafundisha vijana wetu kuiendesha; tunampakia ngonjwa, anafika Wete yu hai."

"Mwanangu mie kanizalia mjukuu humo humo ndani," alidakia Bi Mwatum, "hatujafika hata Konde. Bwana anaendesha huku kafumba macho kwa haya, twamwambia fumbua tutakufa sote! Akamuahidi mzazi doti ya kanga akitimiza arubaini. Siku anayoileta ndiyo siku mauti yalipomfika."

Ile kanga.

"Alikaza nati ya mwisho," aliendelea Mzee Silima, "akakaa kwenye kikanyagio, akataka maji. Mkono uko kifuani. Tukamwambia Bwana lala. Akatushika nguo akasema, 'Msimwambie Mwanamize.' Mara mbili kasema. Kisha tukamlakinia, akatamka shahada, wazi, kila ntu kasikia, na roho ikatoka."

Halafu akasema polepole, kama anayeungama: "Sie tukaona huo ni wasia. Ntu anakufa, neno lake la mwisho kabla ya shahada ni hilo. Utalivunja vipi? Tukaapa kijiji kizima. Watu wa Wete wakija twaifunika lori kwa makuti. Wagonjwa nao tukawashusha nje ya mji, kama yeye alivyokuwa akifanya, wakaingia hospitali kwa miguu wakiegemea watu, isije ikakufikia habari."

Baba, umesikia? Mwaka mzima wagonjwa wa Makangale wametembea nusu maili na homa zao kwa ajili ya kulinda siri yako kwa mkeo. Watu wale wangeweza kutuambia siku ile ile, pale pale, na Mama angekuridhia kabla udongo haujakauka. Walinyamaza kwa uaminifu. Hatujui tuwakasirikie au tuwabusu mikono.

Ni uvumi ndio uliowatoa. Ulifika mpaka kwao kwamba mjane wa Bwana Ngwali amezuia radhi yake. Bi Mwatum hakupata usingizi. Akawakusanya wazee wakaenda kwa Shehe Bakar, imamu wao, kumuuliza kipi kizito, wasia wa maiti au radhi ya mkewe. Shehe aliwauliza wasia wenyewe unasemaje. Walipomweleza alivua kofia akajipiga nayo gotini.

"Wasia gani huo, jamani! Hiyo hofu ya nke! Ntu mzima mmemlaza kaburini bila radhi ya nkewe, na nyie mwajiona watu wa amana! Nendeni leo hii!"

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha bega likaanza kutikisika, na sisi tukadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa ushungi. "Lori!" alisema. "Ya Rabbi, mke mwenzangu lori!" Bi Mwatum naye akashindwa, wakashikana mikono wale wanawake wawili wasiojuana, wanacheka, Mzee Silima anaitazama nguzo yake. Halafu kicheko kikageuka bila sisi kuona kimegeukia wapi, na Mama akalia kilio ambacho hakukilia siku uliyokufa. Mwaka mzima kilikuwa kimemkaa.

Alipotulia alijifunga kanga vizuri, akamwita Shangazi Mwanapili kutoka nyumba ya pili, akasimama mbele yao wote. "Shuhudieni. Mimi Mwanamize nimemridhia mume wangu, Ngwali wa Othman, duniani na akhera. Sina langu kwake." Shangazi alimkumbatia. Tulisoma Fatiha, na ilikuwa mara ya kwanza kuisoma bila kinyongo.

Tulidhani yamekwisha.

Siku tatu baadaye Mama alikuwa akichambua mchele pamoja na Mwanawema. Mkono ukasimama katikati ya ungo.

"Na mimi?" aliuliza.

"Na wewe nini, Mama?"

"Mie nimempa radhi yake. Yangu nani atanipa?" Alikuwa anautazama mchele. "Mwaka mzima nimemtukana moyoni. Nimekaa eda ya mtu ninayemwona mwongo. Mara ngapi nimeanza kumsomea nikakatiza njiani. Yeye yuko chini ya udongo, neno la mwisho alilolitoa kabla ya shahada ni jina langu, na mie niko hapa namtafutia watoto wa siri sokoni. Nimeshindwa neno moja, Mwanawema. Neno moja."

Mwanawema alisema ulikuwa ukimpenda. Alisema Mungu anajua alikuwa hajui. Alimwita Shehe Bakar aje mwenyewe, akaja, akamweleza kwa upole kwamba aliyebaki huomba msamaha kwa Mola na kumuombea aliyetangulia, na kumtolea sadaka, na hiyo inatosha.

"Kuomba naomba, Shehe," alijibu Mama. "Lakini nilitaka kumsikia yeye."

Kwa hiyo, Baba, ndipo tulipoandika haya. Mwaka jana watu walimsikia akinyamaza. Ametaka mwaka huu wamsikie akisema. Amesema amekuridhia, na ametaka iandikwe kwa herufi nzito kama mwenye gazeti atakubali. Na amesema anakuomba radhi, kwa kukudhania, kwa Fatiha alizozikatiza, kwa mwaka huu mzima.

Sisi wanao tunakujua. Tuliandika hapa kuwa nawe umemridhia, tukamsomea. Akainua mkono.

"Futeni hilo," alisema. "Mengine yote msemeeni. Hilo msimsemee."

Tumefuta.

Wanaokukumbuka: wanao Abrahman, Mwanawema na Bimkubwa; ndugu zako Himid na Mwanapili; wajukuu na jamaa wote wa Jadida; watu wa Makangale na Msuka, walioomba waandikwe pamoja na jamaa; na mkeo Mwanamize, anayengoja jibu lako.

Daima tutakukumbuka, na kila Alhamisi zaidi.